Hetri ya Ulaya na Mpera wa Masisi

Watu wengi wa vilima vyetu wamepata kuishika randa ya mti mikononi mwao, wala hawakujiuliza randa yenyewe imetengenezwa kwa mti gani. Zile randa za zamani, zilizoletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya karakana za useremala, nyingi zilikuwa za mti wa namna moja. Wafaransa na Wabelgiji huuita hêtre, nasi katika habari hii tutauita hetri. Itazame randa hiyo ubavuni, penye mwanga mzuri. Utaona rangi ya maziwa yaliyotiwa asali kidogo, na juu yake vijistari vifupi vya kahawia, vyembamba kama makapi ya mtama, vimetapakaa pote. Fundi akiiona alama hiyo hana haja ya kuuliza jina la mti.

Hetri si mti wa kwetu. Makao yake ni Ulaya. Ndugu zetu waliopata kufika Brussels wameiona katika msitu wa Soignes, ulio kando ya mji ule, mahali ambapo mashina yake hupanda juu laini na ya kijivu kama nguzo za kanisa. Sehemu ya msitu huo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017. Basi, kwa nini tuwaandikie watu wa Masisi na Walikale habari za mti wasioweza kuukata? Twaandika kwa sababu hetri ndiyo iliyotufundisha sisi mafundi wachache wa huku kuichagua miti yetu wenyewe, na mafundisho hayo yalitufaa sana siku zile mbao zetu zote zilipopotea.

Kwanza tueleze kazi. Kukereza ni kuuzungusha mti katika mtambo uitwao kerezo, na kuukata kwa patasi huku unazunguka, mpaka upate umbo la mviringo. Miguu ya viti, matendegu ya vitanda, mipini ya patasi, bakuli, punje za rozari, yote hayo ni kazi ya mkereza. Watu wa pwani, huko Lamu na Unguja, waliijua kazi hiyo tangu zamani. Sisi wa bara tulizoea zaidi kuchonga kwa tezo na kisu.

Sasa, mkereza hutafuta nini katika mti? Wengi hudhani hutafuta ugumu. La, ugumu peke yake haufai kitu. Jiwe nalo ni gumu. Hutafuta mti uliolingana. Kila mti una matundu madogo ndani yake, ndiyo mishipa ipandishayo maji kutoka mizizini. Katika miti mingine, kama mwaloni wa Ulaya, matundu makubwa hukaa pamoja upande mmoja wa pete ya mwaka, na upande wa pili ni mti mzito mtupu. Patasi ikipita hapo huruka: hapa laini, hapa ngumu, hapa laini tena. Katika hetri matundu ni madogo sana, nayo yameenea karibu sawasawa katika pete yote. Patasi hupita kama kisu katika jibini. Ukikata shingo nyembamba, au kifundo chenye ukingo mkali, ukingo hubaki pale ulipoukata, haumeguki.

Tena hetri ni nzito kiasi cha kutosha. Mita moja ya ujazo ya hetri kavu hupata kilo 720 hivi, kwa hiyo mpini wake hujaa mkononi. Ikitiwa katika mvuke wa maji moto hukubali kupindwa. Fundi Michael Thonet alitumia tabia hiyo kutengeneza kile kiti chake namba 14 cha mwaka 1859, kilichoenea katika mikahawa ya dunia nzima. Fito zake zilikerezwa kwanza, ndipo zikapindwa. Na juu ya yote hayo, hetri kavu haina harufu wala ladha. Ndiyo sababu miiko mingi ya jikoni huko Ulaya ni ya mti huo. Sisi watu wa Masisi, ambao maziwa na jibini ni sifa ya nchi yetu, twalielewa jambo hilo upesi. Bakuli likinuka utomvu, maziwa nayo hunuka utomvu.

Lakini mti huo una makosa yake, na makosa hayo ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

Hetri haitulii. Ikikauka kutoka ubichi wake mpaka ukavu kabisa, hupungua karibu sehemu 12 katika mia kwa kuifuata pete, lakini sehemu 6 tu kwa kuelekea kiini. Maana yake ni hii: ukikereza mguu wa kiti ukiwa mbichi, nao ukawa duara kamili, baada ya miezi michache utaukuta umekuwa kama yai. Wala haudumu nje. Gogo likiachwa msituni wakati wa joto, ukungu huingia upesi, na mti ulio na unyevu ardhini huoza baada ya miaka michache tu. Wadudu watoboao mbao nao huupenda. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya hawakuusifu mti huu kwa nguzo wala kwa madirisha. Waliuweka ndani ya nyumba, katika kazi za mkono, nao huko umewatumikia mamia ya miaka.

Tulipokwisha kuyajua hayo, tukaanza kuuliza: miongoni mwa miti yetu, upi unaofanana na huu?

Ukishuka kutoka vilima vya Masisi kuelekea magharibi, baridi hupungua, na msitu mkubwa wa Walikale huanza. Kila mtu hudhani kwamba jibu liko huko. Huko kuna mvule, ambao wengi kwetu huuita muvula. Kuna libuyu, jamaa ya mti ule wauitao wafanya biashara akaju ya Afrika. Ni miti ya fahari. Mvule hauliwi na mchwa kwa urahisi, nao wafaa sana kwa milango. Lakini upeleke kwenye kerezo, utaona. Nyuzi zake zimepishana: miaka kadhaa zimelalia kuume, miaka mingine zimelalia kushoto, na patasi inayokata vizuri upande mmoja hung'oa upande wa pili. Tena mara nyingine ndani ya mvule mna jiwe. Hatusemi kwa mfano; ni chokaa ngumu iliyojikusanya mahali mti ulipojeruhiwa, na makali ya patasi yakilikuta, kazi ya kunoa huanza upya. Vumbi lake nalo huwasha pua na kifua. Libuyu naye ana nyuzi za kupishana, ndizo zinazompa mistari ile mizuri juu ya ubao, lakini mistari hiyo humfurahisha mnunuzi wa kabati kuliko mkereza. Basi mwenye kuangusha mvule uliomea tangu siku za babu wa babu yake ili apate miguu minne ya kigoda, ameharibu vitu viwili: mti na kigoda.

Juu ya vilima vyetu imepandwa miti mingine, iliyotoka mbali. Mkaratusi kila mtu aujua. Ndio tunaojengea, ndio unaochomwa makala, ndio unaobeba mzigo katika chukudu. Una nguvu, hatuukatai. Lakini ndani yake mna mvutano mkubwa, hata gogo likikatwa hupasuka lenyewe kwenye ncha kabla fundi hajainua msumeno mara ya pili. Na nyuzi zake mara nyingi zimejisokota. Kwa mpini wa jembe ni sawa. Msipresi ni mwepesi, una vifundo vingi, na harufu yake haitoki. Mgrevilea, uliotoka Australia kama mkaratusi, ni mzuri wa sura kuliko yote: una madoa yang'aayo kama magamba ya samaki, yaliyo ndugu wa vile vijistari vya hetri, ila ni makubwa mno. Hukerezeka vizuri ukikatwa polepole. Mwenye ngozi laini na ajihadhari na vumbi lake, kwa maana huwasha.

Twarudi kwenye swali letu. Jibu tulilipata nyuma ya nyumba.

Ilikuwa hivi. Sisi mafundi tulikuwa tumepanga mbao zetu chini ya paa, kila ubao juu ya vijiti ili upepo upite, nazo zilikuwa katika mwaka wa pili wa kukauka. Mwanzoni mwa Januari 2025 vita vilifika Masisi mjini, mwisho wa mwezi ule vikafika Goma, na mwezi wa Machi vikafika Walikale. Tulikimbia kama wengine, na chuma tu mikononi: patasi tatu, shoka, na kabari. Tuliporudi, paa lilikuwapo, mbao hazikuwapo. Hatusemi ni nani aliyezichukua. Watu walikuwa na njaa, na mbao kavu huwaka vizuri.

Tukakaa tukiwaza. Kununua mbao mpya hatukuweza. Kungoja miaka miwili mingine hakuna aliyethubutu. Mzee mmoja, aliyewafundisha baadhi yetu useremala tangu utoto wao, alituamkia na kutazama kotekote, kisha akaonyesha kwa fimbo yake mpera uliozeeka uani.

“Wanangu, mnasema hamna mti. Na huu je?”

“Baba, huo ni kuni tu.”

“Hetri nayo ilikuwa kuni,” akasema.

Maneno yake yalikuwa ya kweli kuliko tulivyojua wakati ule. Huko Uingereza kuna vilima viitwavyo Chiltern, navyo vimejaa hetri. Zamani, kabla makaa ya mawe hayajaenea, miti ile ilikatwa ikapelekwa London kuwa kuni. Baadaye watu wa vilima hivyo wakaanza kuikereza miguu ya viti, na mji ulio karibu nao, High Wycombe, ukawa mji wa viti. Na namna yao ya kufanya kazi ndiyo iliyotufungua macho. Mkereza wa Chiltern hakungoja mbao zikauke. Alinunua miti ingali imesimama, akajenga kibanda palepale msituni, akapasua magogo kwa kabari, akakereza mti ungali mbichi, wenye maji. Miguu iliyokwisha kukerezwa aliipanga nje ikauke. Kuipanga miguu mia haihitaji ghala. Yatosha mahali penye upepo na kivuli. Kazi ilipokwisha mahali pale, alichukua vyuma vyake akaenda mahali pengine. Wengine wa mwisho wao walikuwa wakifanya hivyo hata miaka ya 1950, ijapokuwa viwanda vyenye mashine vilikuwa vimejaa mjini.

Mtambo wao hauhitaji umeme, nao tuliutengeneza kwa siku mbili. Simika nguzo mbili imara ardhini. Funga juu yake mbao mbili nene, zikiacha nafasi katikati. Katika nafasi hiyo tia vigingi viwili vinavyoweza kusogezwa na kukazwa kwa kabari, na kila kigingi kiwe na ncha ya chuma inayomwelekea mwenzake. Mti unaokerezwa hushikwa katikati ya ncha hizo mbili. Juu ya kichwa chako funga ufito mrefu wa mkaratusi mchanga, upindike kama uta. Kutoka ncha ya ufito teremsha kamba, izungushe mara moja katika mti, kisha ishuke mpaka kwenye kikanyagio. Ukikanyaga, mti huzunguka kuja kwako: kata. Ukiinua mguu, ufito hurudisha kamba, mti huzunguka kinyume: vuta patasi nyuma kidogo, ungoje. Nusu ya kazi ni kupumzika, kama alivyosema kijana mmoja mvivu katika kundi letu, naye siku hizi ndiye mwenye mkono mzuri kupita wote. Zaidi ya ncha mbili za chuma na patasi zako, mtambo huo ukiachwa nyuma siku ya kukimbia si hasara kubwa. Kamba na miti vyapatikana po pote.

Mpera tuliukata. Mti wake ni mgumu, mzito, nyuzi zake nyembamba na zimelingana. Rangi ni ya kahawia nyepesi yenye wekundu kidogo. Patasi ilipoingia, maranda yalitoka marefu, yenye maji, bila vumbi lo lote. Watoto, ambao tangu zamani hutengeneza pia zao kwa mpera, walitucheka kwamba tumechelewa kujua. Baadaye tukajaribu mlimau, wenye rangi ya manjano na ulaini kama pembe. Na shina la mbuni mkuukuu, aliyekwisha kuzaa kahawa yake yote na kustahili kung'olewa. Hiyo mitatu ndiyo tunayoiita hetri zetu. Hasara yake ni moja: ni midogo. Usitafute ndani yake bakuli la ugali la watu sita. Tafuta miguu ya vigoda, mipini, mchi mdogo, vikombe, punje za rozari. Bakuli kubwa mwachie mgrevilea.

Kwa wanafunzi wanaotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyoyapata kwa kutenda. Usikate mti uzaao vizuri kwa ajili ya kerezo. Mama atakulaumu, naye atakuwa na haki. Ngoja ule uliozeeka au ulioangushwa na upepo. Gogo usiliache zima: lipasue katikati ya kiini mara moja, siku ileile ukiweza, kwa maana mti wenye kiini ndani yake lazima upasuke unapokauka. Pasua kwa kabari, usitumie msumeno. Kabari hufuata nyuzi, na mguu uliofuata nyuzi zake hauvunjiki upesi. Vipande utakavyovikereza kesho vizike katika maranda yenye unyevu. Vile vya mwezi ujao vipake nta au rangi kuukuu kwenye ncha zake, ili maji yasitoke huko upesi kuliko ubavuni. Kereza mguu uwe mnene kidogo kuliko utakavyo, kisha uuweke kivulini. Usiuanike juani kama mhogo.

Lile kosa la hetri la kupungua, mafundi wa viti waligeuza likawa msaada, nasi tumewafuata. Mguu ukaushwe kabisa, hata wiki kadhaa, na ncha yake iwekwe karibu na jiko siku za mwisho. Ubao wa kukalia uwe bado na unyevu kidogo. Toboa tundu, gonga ulimi wa mguu uingie kwa nguvu. Ulimi mkavu ukipata unyevu hujaa, na ubao ukikauka hupungua ukaubana. Vigoda tulivyovitengeneza hivyo vimekaliwa na wageni wanene bila msumari na bila gundi.

Mwisho wa kazi, paka nta ya nyuki. Asali ya msitu wa Walikale huja pamoja na nta yake, nayo mara nyingi hutupwa bure. Siagi ya Masisi, hata ikiwa nzuri namna gani juu ya viazi, si ya kupaka bakuli, kwa maana baada ya siku kumi hunuka.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba kazi hii inatajirisha. Mtu akiuza makala hupata fedha leo jioni. Mwenye vigoda hungoja siku ya soko, na soko lenyewe siku nyingine halipo. Lakini mpera mmoja mzee, ambao kwa shida ungetoa gunia moja la makala, umetupatia miguu ya vigoda kumi na viwili, na vipande vilivyobaki tukawapa watoto. Na katika msitu wa Walikale hatukuangusha mti hata mmoja.

Anayetaka kuanza na aanze na pia. Ni kazi ya nusu saa, nayo haimfichi fundi kosa lake: ukiikereza vibaya upande mmoja, itayumba mara tu uitupapo chini, na mtoto uliyemtengenezea atakuambia kabla wewe hujaona.